Pampu ya hewa na namba za kwenye boksi

Leo sina habari za programu. Aliyekuja kutafuta sehemu ya pili ya ile makala ya hifadhidata, pole, itakuja wiki ijayo. Leo nataka kuandika kuhusu pampu ya hewa ya tangi la samaki, kile kijiboksi cha plastiki kinachonguruma kando ya tangi na kupuliza viputo. Nilitumia miezi minne na pampu tano kujifunza jambo ambalo kazini ninalipwa kwa kulijua. Nadhani nina haki ya kulalamika hadharani, hata kama wa kulalamikiwa ni mimi mwenyewe.

Samaki si wangu. Ni wa binti yangu. Alipotimiza miaka saba nyanya yake alimpa pesa akazitumia zote kununua gapi, wale samaki wadogo wenye mikia ya rangi. Gapi huzaana kama hawana akili, kwa hiyo baada ya miezi michache alikuwa na samaki 22 kwenye tangi la lita 60. Mimi kazi yangu ilikuwa kununua vifaa. Nilinunua kichujio cha sponji kwa sababu ni rahisi, na pampu ya bei nafuu iliyoandikwa kwenye boksi kwamba inafaa tangi la lita 100. Lita 100 ni zaidi ya 60. Nikaridhika. Kesi imefungwa.

Usiku wa 25 Agosti 2023

Wakenya wengi wanaukumbuka usiku huo. Ilikuwa Ijumaa, kama saa nne kasorobo, stima ikapotea karibu nchi nzima. Mimi nilifanya alichofanya kila mtu wa kazi yangu: nilichukua simu nikahakikisha seva zetu ziko hewani. Zilikuwa hewani. Ruta ya nyumbani ina kibetri chake cha dharura, kwa hiyo hata intaneti haikukatika. Nikalala kama mtu aliyemaliza kazi.

Pampu ilikuwa sakafuni, nyuma ya meza ya tangi. Mke wangu hakutaka kuiona na mimi sikutaka kuisikia. Tangi nalo nilikuwa nimelijaza karibu hadi ukingoni. Pampu inapozimika, hewa iliyokuwa ikiyasukuma maji nje ya mpira haipo tena, na maji hurudi ndani ya mpira. Yakivuka ukingo wa tangi na kuanza kuteremka upande wa pili, yamepata njia, na hakuna wa kuyasimamisha. Ndani ya pampu kuna vijivali vya raba, lakini havikutengenezwa kuzuia maji. Viliyachelewesha tu. Tone kwa tone usiku kucha, tangi likapungua zaidi ya theluthi moja, na lita hizo 20 na ushee zikawa sakafuni, pamoja na pampu na ekstensheni ya stima.

Niliamshwa asubuhi na sauti ya binti yangu akiongea na samaki. Nilimkuta miguu mitupu, amesimama ndani ya maji, ameshika waya wa pampu anautikisa. Alitaka kuiamsha.

Stima ilikuwa bado haijarudi. Hiyo ndiyo sababu pekee ninaandika makala ya kuchekesha kidogo leo na si makala ya aina nyingine. Ekstensheni ilikuwa imelowa, swichi ya ukutani haikuzimwa, na stima ingeweza kurudi dakika yoyote. Nilimnyanyua, nikazima swichi kuu, nikakaa kwenye kiti muda mrefu bila kusema kitu.

Samaki tisa walikuwa wamekufa. Waliobaki walikuwa juu ya maji wakifungua na kufunga midomo. Binti yangu amekulia katika nyumba ambayo simu yangu hulia saa tisa usiku nami nikaeleza kwamba wiki hii ni zamu yangu ya kulinda seva. Akawaangalia samaki wake, akaniangalia, akauliza, “Baba, nani alikuwa zamu?”

Sikuwa na jibu.

Sponji hufanya nini hasa

Wiki iliyofuata nilianza kusoma, nikagundua kwamba nilikuwa nimenunua kifaa bila kuelewa kinachofanya. Nitaeleza kwa ufupi, kwa sababu bila hili huwezi kuchagua pampu.

Kichujio cha sponji hakina mota. Ni sponji iliyovishwa bomba la plastiki lililosimama. Mpira wa hewa huingia karibu na chini ya bomba. Viputo hupanda ndani ya bomba, na maji yaliyochanganyika na viputo huwa mepesi kuliko maji ya nje, kwa hiyo nayo hupanda na kumwagika juu. Nafasi yao huchukuliwa na maji mengine yanayolazimika kupita kwenye sponji. Ndiyo mtambo wote. Pampu haivuti maji hata kidogo, inapuliza hewa tu.

Uchafu hunaswa kwenye sponji, lakini hiyo ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni ya bakteria wanaoishi ndani yake. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu. Kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa ukibadilisha sehemu ya maji mara kwa mara. Bakteria hawa wanahitaji oksijeni kama samaki wenyewe. (Ndiyo maana sponji huoshwa ndani ya maji yaliyotolewa kwenye tangi, si chini ya bomba la jikoni. Klorini ya maji ya mfereji inaua wafanyakazi wako wote kwa mkupuo mmoja.)

Na oksijeni yenyewe? Wengi tunadhani inatoka kwenye viputo. Kidogo ndiyo, lakini sehemu kubwa huingia pale juu, maji yanapogusa hewa. Viputo vinasaidia kwa sababu vinayapandisha maji ya chini yakapate hewa na kuyashusha ya juu. Mzunguko ukisimama, samaki wanabaki na akiba iliyomo majini.

Hapa Nairobi akiba hiyo ni ndogo kuliko vitabu vinavyosema. Maji ya nyuzi 25 yaliyo usawa wa bahari yakishiba hewa huwa na miligramu 8.3 hivi za oksijeni kwa kila lita. Lakini Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa yetu ni nyembamba, mgandamizo wake ni kama asilimia 80 ya ule wa Mombasa. Maji yale yale, nyuzi zile zile, hapa hushiba kwenye miligramu 6.6 hivi. Kwa maneno mengine, samaki wangu walianza usiku ule wakiwa na tangi la mafuta lisilojaa. Kisha nikawapunguzia na maji.

Kosa la pili: kununua kubwa

Ukimuumiza mtu wa kompyuta, atanunua mashine kubwa zaidi. Mwanzoni mwa Septemba nilirudi nyumbani na pampu yenye matundu manne, iliyoandikwa kwamba inatosha tangi la lita 600. Nikaweka pia tangi la pili, dogo, la vifaranga wa gapi, ili pampu ipate kazi ya kutosha.

Matatizo yakaja kwa foleni.

La kwanza, kelele. Pampu nyingi za nyumbani zina koili ya waya, na mbele yake mkono wenye sumaku. Stima yetu hugeuka mara 50 kwa sekunde, na mkono huo hutikisika nayo mara 50 kwa sekunde, ukisukuma na kuvuta kiwambo cha raba kama ngozi ya ngoma. Kwa hiyo ununuzi wa pampu ni ununuzi wa ngoma. Kubwa inalia kwa sauti kubwa. Niliiweka juu ya kipande cha patipati kuukuu, ikapungua. Mke wangu alisema sasa inasikika kama jirani anasaga mahindi, awali ilikuwa kama anasaga sebuleni kwetu.

La pili, dhoruba. Hewa ilikuwa nyingi mno. Ungedhani hewa zaidi inapandisha maji zaidi, na ni kweli, hadi mahali fulani. Ukizidisha, viputo vidogo huungana kuwa mapande makubwa ya hewa yanayojaza bomba lote, na maji yanayopanda hayaongezeki tena, yanaanza hata kupungua. Bomba lilikuwa likitema na kukohoa, gapi wamejibanza pembeni.

La tatu, mgawanyo. Tangi kubwa lina kina cha sentimita 35, la vifaranga sentimita 15. Nilikuwa nimeunganisha matundu yote ya pampu kwenye mpira mmoja, kisha nikaugawa mara mbili. Hewa ni mvivu kama maji: hupita palipo rahisi. Karibu yote ilikwenda kwenye tangi fupi, vifaranga wakawa wanaishi ndani ya mashine ya kufulia, na tangi kubwa likabaki na viputo vya kuhesabika. Yeyote aliyewahi kugawa kazi kati ya seva mbili bila kuweka kipimo anaijua hali hii.

La nne ndilo nililojitakia. Ili kupunguza dhoruba, nilibana mipira yote miwili kwa vijibanio. Kelele ikabadilika, ikawa ya kukereketa. Sikujali. Kumbe pampu ya kiwambo ukiibania njia haipungui kazi, inasukuma dhidi ya ukuta mara 50 kwa sekunde, mchana na usiku. Mwishoni mwa Oktoba raba ilichanika. Nikaifungua pampu na bisibisi, nikaiona: mpasuko safi pembeni, kama mdomo. Niliporudi dukani kuuliza raba ya kubadilisha, nikaambiwa za aina ile haziuzwi peke yake. Pampu nzima, kwa ajili ya kipande cha raba cha ukubwa wa kifuniko cha soda.

Namba za kwenye boksi

Hapo ndipo nilipokaa chini nikaisoma ile boksi kama ninavyosoma mkataba.

Boksi ina namba tatu. Ya kwanza ni ukubwa wa tangi. Hiyo itupe. Pampu haijui tangi lako lina lita ngapi, inajua kina tu. Kila sentimita 10 za maji zinaongeza kilopaskali moja hivi ya mgandamizo ambao hewa lazima iushinde kabla kiputo hakijatoka. Tangi la lita 200 lenye kina cha sentimita 30 ni kazi nyepesi kuliko la lita 80 lenye kina cha 60.

Ya pili ni lita za hewa kwa dakika. Ya tatu ni mgandamizo wa juu kabisa. Zote mbili zinaweza kuwa za kweli, na ukadanganyika vilevile, kwa sababu hazitokei pamoja. Lita kwa dakika kwa kawaida hupimwa mpira ukiwa unapuliza hewani, bila maji. Mgandamizo wa juu ni pale ambapo pampu inasukuma lakini hakuna hewa inayotoka tena. Wewe unaishi katikati, na katikati haikuandikwa.

Ni kama mtu akuambie programu yake inahudumia maombi elfu kumi kwa sekunde, na inaweza kuhifadhi rekodi milioni mia. Swali la mnunuzi ni moja: ikiwa na rekodi milioni mia, inahudumia maombi mangapi?

Chupa, ndoo na saa

Kwa bahati nzuri jibu la pampu ni rahisi kupata kuliko la hifadhidata. Unahitaji ndoo ya lita 20, chupa ya maji ya lita moja, na saa ya simu.

Jaza ndoo. Jaza chupa, izibe kwa kidole, igeuze mdomo chini ndani ya maji, uondoe kidole. Chomeka ncha ya mpira wa pampu kwenye mdomo wa chupa na uanze kuhesabu. Hewa inapanda chupani, maji yanashuka. Chupa ikijaa hewa, simamisha saa. Gawanya 60 kwa sekunde ulizopata, hiyo ndiyo lita kwa dakika. Fanya mdomo wa chupa ukiwa sentimita 10 chini ya maji, kisha ukiwa chini kabisa karibu na sakafu ya ndoo. Rudia kila kipimo mara tatu.

Nilikwenda dukani na ndoo yangu. Muuzaji aliniangalia jinsi mtu anavyomwangalia mteja anayeonja nyanya zote. “Bosi, hii ni pampu tu,” akasema. Nikamwomba dakika kumi na soketi moja. Baada ya kipimo cha pili alikuwa anashika chupa yeye mwenyewe.

Tulipima pampu mbili ndogo. Ya kwanza iliandikwa lita 4 kwa dakika. Kwa sentimita 10 ilijaza chupa kwa sekunde 23, yaani lita 2.6. Chini ya ndoo ilichukua sekunde 41, lita 1.5 tu. Ya pili iliandikwa lita 3.5. Juu ilichukua sekunde 20, lita 3. Chini, sekunde 26, lita 2.3. Yenye namba ndogo kwenye boksi ilitoa hewa nyingi zaidi pale samaki walipo. Bei zilikaribiana.

Tena hii ya pili ilikuwa na raba za akiba zinazouzwa kando, zimetundikwa ukutani nyuma ya muuzaji. Nilinunua mbili, moja kwa kila tangi, na raba nne. Kichujio kimoja kwangu kinafanya kazi vizuri kwa lita moja hadi moja na nusu kwa dakika. Inayozidi sibani tena. Nimeweka tawi lenye vali, hewa ya ziada inakwenda kwenye jiwe la hewa upande wa pili wa tangi. Pampu inapumua, na samaki wanapata mzunguko zaidi.

Pampu sasa ziko kwenye rafu juu ya usawa wa maji, na kila mpira una vali ya njia moja. Vali hiyo ni kitu kidogo kuliko kidole gumba na bei yake haifiki ya soda mbili. Ukiifunga, ipulize kwanza kwa mdomo ujue upande unaopitisha, kwa sababu ukiigeuza hupati hewa kabisa. Waya wa stima nao nimeuacha uning'inie chini kuliko soketi kabla haujapanda, ili tone likiufuata lianguke sakafuni badala ya kuingia kwenye soketi. Ekstensheni iko ukutani, nimeipigilia kwa misumari. Haitashuka tena.

Akiba isiyofanya kazi

Ilibaki stima. Kwa hilo nilinunua pampu ya tano kwenye Barabara ya Luthuli, ndogo kama kiberiti kikubwa, ya volti 5, inayochomekwa kwenye yuesibii. Hesabu ilikuwa tamu. Pampu inakula wati moja hivi. Paweribanki ya mAh 10,000 kwa volti 3.7 ina wati-saa 37, na ukitoa kinachopotea njiani unabaki na kama 25 au zaidi. Siku nzima na usiku wake. Niliiweka kwenye droo, tayari.

Jumamosi ya 11 Novemba 2023, jioni, nchi ikaingia giza tena. Nilitoa pampu droo kwa madaha, nikachomeka, viputo vikaanza. Binti yangu akapiga makofi. Baada ya nusu dakika hivi ikazimika. Nikabonyeza kitufe, ikawaka, ikazimika tena.

Unajua kwa nini? Paweribanki nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya simu. Zikiona umeme unaochukuliwa ni mdogo sana, zinadhani simu imejaa na kujizima ili kuokoa betri. Pampu yangu ilikuwa na adabu mno. Haikula vya kutosha kuonekana ipo.

Usiku ule nilikaa kwenye kiti na tochi na jagi. Kila robo saa nilichota maji na kuyamimina kutoka juu ili yapate hewa. Njia hiyo ni ya kizamani na inafanya kazi. Hatukuwalisha, kwa sababu samaki aliyeshiba anatumia oksijeni zaidi na kuchafua maji zaidi. Binti yangu alikaa nami hadi akalala kwenye zulia. Hakufa hata mmoja. Lakini kila nilipochota nilikuwa naangalia taa ya ruta kule kwenye kona, inamulika kijani, ina kibetri chake, haina shida yoyote.

Kesho yake nikahamisha. Kibetri cha ruta kina tundu la volti 5 pia, hakijizimi mzigo ukiwa mdogo, na hupitisha umeme kikiwa kinachajiwa. Pampu ndogo ikachomekwa hapo, na mpira wake ukaenda kwenye sponji ya pili ndani ya tangi kubwa. Na hapa ndipo pointi ambayo nataka mtu akisahau mengine yote aikumbuke: haizimwi. Inafanya kazi mchana na usiku, stima ikiwepo isiwepo. Sponji ya pili ina bakteria wake walio hai, mpira wake haujaziba, betri yake najua inafanya kazi kwa sababu naiona. Kifaa cha akiba kinacholala kwenye droo hujui kama ni akiba au ni kumbukumbu. Kazini tumesema hivi mara ngapi kuhusu nakala za hifadhidata ambazo hakuna aliyewahi kujaribu kuzirejesha? Mimi mwenyewe nimelisema mbele ya watu, na slaidi.

Kwa vifaranga, mpira wa pampu hiyo hiyo una tawi lenye vali. Kina chao ni kifupi, hawahitaji zaidi ya hapo.

Jumapili ya 10 Desemba 2023, saa mbili hivi usiku, stima ikapotea mara ya tatu. Pampu mbili za rafuni zikanyamaza. Nyumba ikawa kimya kwa namna ambayo husikii hadi kelele iondoke. Kisha, kwenye giza, tukasikia viputo vya sponji ya pili, vidogo, bila haraka. Binti yangu alikwenda na tochi, akahesabu samaki, akarudi mezani kumaliza chakula. Hakusema chochote. Mimi nilienda mara mbili kuangalia sakafu.

Ukienda dukani

Basi, kwa aliyeruka hadi hapa:

1. Pima kina cha tangi lako, kutoka uso wa maji hadi hewa inapotokea. Hicho ndicho kipimo chako. Lita za tangi ni za samaki, si za pampu.

2. Beba ndoo na chupa. Muuzaji akikataa, kuna duka jingine.

3. Usinunue pampu ambayo raba zake haziuzwi. Raba itachanika, swali ni lini.

4. Pampu mbili ndogo ni bora kuliko moja kubwa. Zote mbili haziharibiki usiku mmoja, na mgawanyo wa hewa unakuwa rahisi.

5. Usibane hewa. Ipe njia nyingine.

6. Pampu juu ya maji, na vali ya njia moja hata ikiwa juu ya maji. Waya uning'inie kabla ya soketi. Soketi isiwe sakafuni kamwe, kamwe, hasa kama nyumbani kuna mtu mfupi anayependa samaki.

7. Mojawapo ya pampu iwe kwenye betri, na iwe inafanya kazi sasa hivi, wakati unasoma.

Boksi inakuambia pampu inavyofanya siku yake njema: mpya, mpira mtupu, stima imetulia. Mimi nilinunua pampu mbili za kwanza kwa siku hiyo njema, na siku hiyo haikuhitaji ninunue chochote cha maana. Samaki hawakufa siku njema.

Gapi leo ni 31. Anayetaka samaki anijulishe. Ninatoa bure, pamoja na vali.